Wajibu wa Mwenye Nyumba Kisheria na Maneno Tunayoutajia: Mfano wa Mji wa Machakos

Makala haya yanachunguza wajibu ambao sheria za Kenya zinamtwika mwenye nyumba kwa muda wote mpangaji anapokaa humo. Tunauchunguza kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Mji wa Machakos umechaguliwa kwa kuwa tangu Chuo Kikuu cha Machakos kipewe hati yake mwaka 2016, wanafunzi wengi hupanga vyumba nje ya chuo, na makubaliano yao na wenye nyumba hufanyika kwa Kiswahili au Kikamba, mara nyingi mlangoni, bila karatasi. Sheria yenyewe, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini mpangaji bado hana mahali pa kusomea haki zake kwa lugha aliyoitumia kupanga.

Tuanze na makubaliano ya mlangoni. Wengi hudhani kwamba pasipo maandishi hapana mkataba. Sivyo. Sheria ya Ardhi Na. 6 ya 2012, kifungu cha 58, inakubali upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi miaka miwili na usio na nafasi ya kuongezwa, ufanywe kwa maandishi au kwa mdomo. Pale ambapo muda haukutajwa na kodi hulipwa kila mwezi, kifungu cha 57 kinauhesabu upangaji huo kuwa wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja sharti atoe ilani isiyopungua mwezi mmoja. Kwa hiyo maneno machache ya Kiswahili yaliyosemwa langoni yana nguvu ya kisheria. Zaidi ya hayo, kifungu cha 65 kinayatia ndani ya maneno hayo masharti ambayo hakuna aliyeyatamka. Katika isimu tungesema kuwa hayo ni maana fiche ya usemi. Tofauti ni kwamba hapa maana hiyo imewekwa na Bunge, haikutokana na nia ya msemaji.

Sharti lililo zito kuliko yote linahusu hali ya nyumba. Nyumba ya kuishi lazima ifae kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa hadi siku anapotoka. Kitenzi ‘iendelee’ ndicho kiini cha jambo. Mwenye nyumba hajamaliza kazi yake anapokabidhi ufunguo. Aidha, ikiwa kilichopangishwa ni sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa vyumba vya safu moja vinavyotumia uwanja na choo kimoja, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mitaro mikuu, njia na vifaa vya matumizi ya pamoja vyote ni juu yake kuvitengeneza. Mpangaji ana wajibu wake pia: kulipa kodi kwa wakati, kutunza alichopewa, na kumruhusu mwenye nyumba aingie kukagua kwa saa za kiasi. Lakini paa linalovuja juu ya vyumba kumi si mzigo wa mpangaji aliye chini ya tundu.

Na maji je? Machakos ni nyanda kavu, na mtungi wa maji wa lita 20 ni sehemu ya bajeti ya kila mwanafunzi. Kifungu cha 65 hakiyataji maji kwa jina. Hata hivyo, Ibara ya 43 ya Katiba inataja haki ya makazi bora, ya usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha, na ya maji safi na salama. Kwa maoni yetu, ni vigumu kuiita nyumba ‘yenye kufaa binadamu’ ikiwa choo chake cha kumwagia maji hakina maji kwa majuma.

Nyumba ikiungua au ikiharibiwa na mafuriko pasipo kosa la mpangaji, kodi husimama yote au sehemu yake, kulingana na uharibifu. Isiporekebishwa kwa miezi sita, mpangaji anaweza kujitoa kwa ilani ya mwezi mmoja. Sharti hili halina utata wa lugha, basi tuliache.

Lenye utata ni lile la kukaa kwa utulivu. Neno ‘utulivu’ humfanya msomaji afikirie kelele: redio ya jirani, au mbwa wa usiku. Sheria haikukusudia hivyo. Inakusudia kwamba mpangaji anayelipa kodi asiingiliwe na mwenye nyumba wala wakala wake. Kubadilisha kufuli mchana mpangaji akiwa darasani, kung’oa mlango, au kukata umeme ili ahame, yote hayo huvunja utulivu huo hata kama hakuna sauti iliyosikika. Tungependekeza ‘kukaa bila kuingiliwa’. Hata mpangaji akiwa na deni, mwenye nyumba hawezi kujichukulia vyombo vyake. Kukamata mali kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni.

Kuna pia Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyoanza 1959. Inamtaka mwenye nyumba aweke kitabu cha kodi, na inalifanya kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumtoa. Bahati mbaya inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kiwango haizidi Sh 2,500 kwa mwezi, na siku hizi vyumba vya namna hiyo mjini ni vichache.

Neno ‘kodi’ lenyewe lina kasoro. Nchini Kenya hutumika kwa malipo ya nyumba na kwa ushuru wa serikali. Sheria inamtaka mwenye nyumba alipe ushuru na ada zote za ardhi iliyopangishwa, isipokuwa mkataba useme vingine. Tafsiri sentensi hiyo kuwa ‘mwenye nyumba atalipa kodi zote’, kisha uweke chini yake ‘mpangaji atalipa kodi’, na umezua kesi. Watanzania wana ‘pango’, neno fupi. Hatuoni sababu ya kutolitumia.

Mwisho ni fedha za awali, ambazo wengi huziita ‘dipositi’. Kiswahili kina maneno matatu ya kuchagua. ‘Arubuni’ hutolewa kufunga biashara, na anayejitoa huipoteza. ‘Rehani’ ni dhamana ya deni, hurudi deni likiisha. ‘Amana’ ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine, na anayeila huitwa mhaini. Wenye nyumba wengi huzichukulia fedha hizo kama arubuni. Mpangaji aliziweka kama rehani dhidi ya uharibifu. Ni heri mkataba useme ‘rehani’, utaje zitakatwa kwa lipi, na ueleze kuwa uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia, haumo. Zisiporudishwa, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai ya fedha zilizopokewa na kushikiliwa, yasiyozidi Sh 1,000,000. Na kwa kuwa hiyo ni mahakama ya chini ya Mahakama Kuu, kifungu cha 86 cha Sheria ya Taratibu za Madai kinairuhusu kusikiliza kesi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huko mpangaji atakapoulizwa alitoa fedha hizo kwa ajili gani, neno atakalolichagua litakuwa sehemu ya ushahidi wake.