Dondoo muhimu: Kofia za watoto njiti zinazofumwa kazini

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake hupoteza joto haraka. Kofia ya kufumwa humsaidia kweli, na wafanyakazi wanaweza kuifuma pamoja wakati wa chai.

Kabla ya kununua uzi, wodi ya watoto wachanga iulizwe inahitaji nini na saizi zipi. Uzi uwe laini, usiotoa manyoya, unaostahimili kufuliwa kwa maji ya moto. Shanga, vifungo na riboni havifai kabisa, kwani vikikatika vinaweza kumkaba mtoto. Ncha za uzi zifichwe vizuri kisha zivutwe kuzijaribu, maana kitanzi kilicholegea hunasa vidole vyembamba kama njiti za kiberiti. Asiyejua kufuma achangie uzi, au afue na kufungasha kofia kwenye mifuko safi.

Wengi hupeleka misaada Novemba 17, Siku ya Watoto Njiti Duniani. Ni vizuri, ila watoto hawa huzaliwa mwaka mzima. Kofia chache kila mwezi zinafaa zaidi.