Watu Wawili Juu ya Baiskeli Moja

Uwanda wa Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni tambarare, na kwa sababu hiyo baiskeli imekuwa huko chombo cha kila kazi. Hubeba mpunga, kakao na ndizi. Hubeba na watu. Kabla pikipiki hazijaenea, abiria wengi walikaa juu ya keria nyuma ya mwendeshaji. Hata neno bodaboda lilianza kwa baiskeli, mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda.

Mtu ajuaye kuendesha peke yake hugundua upesi kwamba kumpakia mwenziwe ni elimu nyingine. Sababu yake yafaa ichunguzwe.

Baiskeli inapoanza kuangukia kushoto, mwendeshaji hugeuza usukani kidogo kushoto. Magurudumu hurudi chini ya kitovu cha uzito, na chombo huinuka. Mara nyingi husemwa kuwa ni mzunguko wa magurudumu, kama ule wa pia, unaoisimamisha. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alieleza baiskeli aliyoiongezea gurudumu lililozunguka kinyume ili kuifuta athari hiyo, na bado iliendesheka. Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walionyesha kuwa baiskeli yaweza kujisawazisha hata bila athari hiyo.

Abiria hana usukani, lakini kila ajitikisapo hukisogeza kitovu cha uzito, na mwenye usukani hulazimika kusahihisha kosa asilolitenda. Kona ndiyo mtihani. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 10, kitovu hicho lazima kiiname kiasi cha digrii 14. Uzito haumo kabisa katika hesabu hiyo: mmoja au wawili, pembe ni ileile. Lakini abiria mwoga akijikaza wima, mwendeshaji hana budi kuilaza baiskeli zaidi ili kufidia. Abiria aliyezoea hutulia na kuinama pamoja na chombo.

Somo hilohilo wanalo waendeshao baiskeli ya viti viwili na jozi mbili za pedali. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, mwanariadha asiyeona hukaa nyuma ya rubani aonaye. Kwa kawaida pedali zao zimeunganishwa kwa mnyororo, hivyo hata kuanza safari huhitaji mapatano.

Breki nazo zahitaji hesabu. Mwendeshaji wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 20, wakienda mita 5 kwa sekunde, wana nishati ya mwendo ya jouli 1,000. Akiongezwa abiria wa kilo 60, nishati hiyo hufika jouli 1,750. Ikiwa breki zatoa kani ya nyutoni 200, mwendeshaji aliye peke yake husimama baada ya mita 5. Wakiwa wawili, baada ya mita 8.75. Tofauti hiyo yatosha kumgonga mtoto avukaye barabara. Na mtoto aliyepakiwa nyuma ana hatari yake mwenyewe: kisigino kikiingia kati ya spoku huchanika vibaya, na kinga yake ni kipande cha bati au wavu kando ya gurudumu.

Mahali pa kukaa napo pana maana. Abiria wa nyutoni 600 akikaa sentimita 10 nyuma ya ekseli, huku ekseli mbili zikiachana mita 1.1, gurudumu la mbele hupunguziwa kiasi cha nyutoni 55, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Darasa laweza kulipima jambo hili. Baiskeli ishikiliwe wima, mzani wa springi ufungwe kwenye ekseli ya mbele na kuvutwa juu mpaka gurudumu liachane na ardhi; kisha mfuko wa mchanga uwekwe kwenye keria mbele ya ekseli ya nyuma, juu yake, na nyuma yake, na kila mara kipimo kiandikwe.