MWAKA WA KWANZA NYUMBANI
Somo la familia: kwa wachumba, waliofunga ndoa karibuni, na wazazi wao

Fungu kuu: Kumbukumbu la Torati 24:5-6
Mafungu mengine: Yeremia 29:4-7, Ruthu 4:1-12, Luka 14:28-30, Yohana 2:1-11

Shabaha ya somo: Kutusaidia kupanga arusi kwa namna ambayo nyumba itasimama baada ya wageni kurudi kwao.



Mwezi wa tatu, wakati wa kupanda, kijana mmoja alikuja nyumbani kwangu asubuhi mapema. Nilikuwa nimembariki yeye na mke wake mwezi wa kumi na mbili. Nilidhani amekuja kuomba maombi. Akasema, "Mchungaji, naomba mbegu ya mahindi, hata bakuli mbili tu." Nilishangaa, kwa sababu nilikumbuka arusi yake: mbuzi wawili, mziki, keki, na gari lililokodiwa mjini. Wengi wenu mlikula pale. Nikamwambia aketi, naye akanieleza yote. Yeye na mke wake wamenikubalia niandike habari hii bila kutaja majina, ili wengine wajifunze.

Alisema komite ilikutana siku za Jumapili nane. Mwanzoni hesabu ilikuwa shilingi 350,000. Kila Jumapili kitu kiliongezwa: nguo za wasichana wanne, jenereta, kamera, soda za meza ya mbele. Watu waliandika ahadi kwenye karatasi, na komite ikaanza kutumia ahadi kana kwamba ni fedha. Wiki ya mwisho nusu ya ahadi hazikuwa zimelipwa. Kijana akauza magunia manne ya mahindi, pamoja na yale aliyoweka kwa mbegu. Akakopa tena shilingi 400,000 katika kikundi cha akiba, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi.

"Siku yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo," aliniambia. "Mama yangu alicheza. Tangu tuvuke Ziwa Albert mwaka 2018 sikuwahi kumwona akicheza."

Siku ya tatu wenye viti na sufuria walikuja kuchukua vyombo vyao. Kiti kimoja kilikuwa kimevunjika, nacho kikadaiwa. Ndipo mke wake akauliza, "Tunadaiwa na nani mwingine?" Hakujua lolote, kwa sababu mume alimficha deni ili asimharibie furaha. Aliposikia alilia, akasema, "Kama ungeniambia, ningeolewa na kitenge changu cha Jumapili." Kuanzia hapo mume alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda leja-leja katika mashamba ya watu. Kwa shilingi 5,000 kwa siku, siku nane za mwezi zilikuwa za riba peke yake. Alirudi amechoka, akala, akalala. Miezi miwili waliishi hivyo, hakuna maneno ndani ya nyumba.

Ndugu na dada, nami nina kosa langu. Nilihudhuria komite ile. Nilifungua kwa maombi na nikafunga kwa maombi. Hata mara moja sikuuliza watakula nini mwezi wa kwanza. Kwa hiyo somo hili nalifundisha nikianza na mimi mwenyewe.

1. MUNGU HAKATAZI FURAHA YA ARUSI

Wengine wakisikia habari kama hii husema karamu ni dhambi. Biblia haisemi hivyo. Yakobo alitimiza juma zima la arusi (Mwanzo 29:27-28). Bwana Yesu mwenyewe alialikwa Kana. Divai ilipokwisha, hakuwagombeza wenye arusi. Mitungi sita ya mawe ilijazwa maji, kila mmoja wa lita 80 mpaka 120 hivi kwa vipimo vyetu, na wageni wakapata cha kunywa.

Lakini tuangalie jinsi alivyosaidia. Mkuu wa meza hakujua divai imetoka wapi, ila watumishi walijua. Yesu aliondoa aibu ya ile nyumba bila kuiachia deni. Komite nzuri hufanya kazi kama hiyo, ya kupunguza mzigo wa maarusi. Komite inayoongeza mzigo ili watu wasifu arusi yetu haijajifunza kwa Bwana wa Kana.

2. TORATI ILIHESABU MWAKA

Soma tena Kumbukumbu la Torati 24:5. Mtu aliyeoa karibuni hakupelekwa vitani, wala hakupewa kazi nyingine ya watu wote. Aliachwa huru nyumbani mwaka mmoja, ili amfurahishe mke wake. Israeli walikuwa na adui pande zote na walihitaji kila askari, lakini Mungu aliona kwamba nyumba mpya inahitaji mwaka. Neno la Kiebrania lililotumika pale lina shina moja na neno la furaha, na hapo maana yake ni mume kumpa mke wake furaha. Furaha hiyo haikuwekewa siku moja. Iliwekewa miezi kumi na miwili.

Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mara nyingi ndivyo tunavyowafanyia maarusi. Siku mbili wanaitwa mfalme na malkia, siku ya tatu tunawaachia jembe na madeni.

Najua mtaniuliza, "Mchungaji, mkimbizi atakaaje mwaka mzima bila kazi?" Kulima lazima tulime. Hata mgao wa chakula hatuwezi kuutegemea, maana mwaka 2025 wakimbizi wengi hapa Uganda waliondolewa katika mgao kwa sababu fedha zilipungua. Shabaha ya sheria ile ni kwamba mwaka wa kwanza mume asinyang'anywe na vita. Na deni ni vita. Linamtoa mume nyumbani kabla ya jua, na linamrudisha akiwa hana nguvu hata ya kuzungumza.

Sasa soma mstari wa 6 unaofuata. Unakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Mistari hii miwili imekaa pamoja: nyumba mpya, na chombo cha chakula kisichoguswa na deni. Kwetu sisi mbegu ni jiwe la kusagia. Anayeuza mbegu ili anunue keki ameweka rehani uhai wa nyumba yake.

3. ARUSI YA MWANAMKE MGENI

Ruthu alikuwa Mmoabi katika nchi ya watu. Mama mkwe wake, Naomi, alikuwa amekimbia njaa, akafiwa na mume na wana wawili ugenini, akarudi mikono mitupu. Boazi alipotaka kumwoa Ruthu, alikwenda langoni, akaketi na wazee kumi, akalimaliza jambo wazi mbele ya mashahidi. Watu wakawaombea baraka. Biblia haituelezi nguo wala chakula cha siku ile. Inatueleza mashahidi, baraka, na mtoto Obedi, babu wa Daudi.

Naandika hili kwa ajili ya wale wanaoishi "yaka tofanda" kwa sababu wanaogopa gharama. Baadhi yenu mna watoto watatu, na bado mnakaa kiti cha nyuma kanisani mkingoja fedha za arusi. Msingoje tena. Njoni na wazazi wa pande zote mbili, tuzungumze mahari kwa upole, na tuwabariki siku ya Jumapili baada ya ibada, na chai. Ndoa yenu haitakuwa ndogo mbele za Mungu.

Hata wale waliohamishwa Babeli waliandikiwa na Yeremia waoe na wazae. Lakini angalia mpango wa maneno yale: mstari wa 5 unataja kujenga nyumba na kupanda bustani, kisha mstari wa 6 unataja kuoa.

4. MAMBO YA KUFANYA

a) Kabla ya komite, wachumba wawili waketi na kuhesabu gharama, kama Luka 14 inavyofundisha. Bibi arusi ajue kila shilingi na kila deni. Kuficha deni kwa upendo ni kuficha tu.

b) Komite itumie fedha zilizo mkononi, isitumie ahadi. Kisichofika wiki moja kabla ya arusi kiondolewe katika mpango.

c) Mbegu, jembe na chakula cha miezi mitatu viwekwe kando kwanza. Hivyo haviuzwi.

d) Muulize mapema ofisini namna ya kubadilisha hati ya familia, ili mke asibaki katika hati ya wazazi na kuleta ugomvi kati ya nyumba mbili. Muulize pia kama ndoa yenu itaandikishwa kwa serikali, kwa maana si kila kanisa lina kibali cha kufungisha ndoa.

e) Komite isivunjwe siku ya arusi. Wasimamizi wawatembelee maarusi baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita, na kumi na miwili. Wasiende kukagua sufuria. Waende kusikiliza, na siku moja waende na majembe.

HITIMISHO

Kijana yule alipata mbegu. Wamama wa kanisa walikusanya bakuli kwa bakuli, na vijana waliokula mbuzi wake walikwenda kumlimia siku mbili. Leo mahindi yamevunwa na deni limebaki kidogo. Nilipowatembelea, walikuwa jikoni wote wawili, wakipukuchua mahindi na kuzungumza. Mke aliniambia, "Mchungaji, arusi yetu imeanza sasa." Mume akacheka, akaniletea kiti.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika arusi yetu au ya watoto wetu, ni kitu gani kiliongezwa kwa ajili ya macho ya watu?
2. Je, kuna deni ambalo mume au mke hajamwambia mwenzake? Ni nini kinachozuia kusema leo?
3. Ni nyumba gani mpya jirani yetu ambayo haijatembelewa tangu siku ya arusi?

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeingia katika arusi ya Kana, ingia pia katika nyumba zetu siku ambazo hakuna mziki. Tufundishe kusema kweli sisi kwa sisi, na kubeba mizigo ya walio wapya. Amina.