USALAMA WA MALAMBO

Katika sehemu zenye mvua chache, wakulima na wafugaji hujenga malambo ili kuhifadhi maji ya mvua. Lambo hutengenezwa kwa kukinga bonde kwa tuta la udongo. Malambo mengine ni ya kijiji, na mengine ni mali ya mtu binafsi. Lambo hutufaa sana, lakini lisipotunzwa laweza kuleta maafa.

Uzito wa maji

Debe moja la lita 20 lina maji yenye uzito wa kilo 20. Madebe 50 ya maji yana uzito wa tani 1. Lambo lenye mita za ujazo 10,000 limebeba tani 10,000 za maji! Tena, kanieneo ya maji huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Ndiyo sababu tuta hujengwa pana zaidi chini kuliko juu.

Jaribio

Vifaa: jembe, udongo wa mfinyanzi, changarawe, kopo na maji.

1. Chimba mtaro mfupi mahali penye mteremko. Ukinge kwa tuta la udongo wenye unyevu, kisha ulishindilie.
2. Mimina maji polepole nyuma ya tuta mpaka yapite juu yake. Tazama kwa makini.
3. Jenga tuta upya. Safari hii, chimba mfereji pembeni mwa tuta, chini kidogo ya kimo chake. Tandaza changarawe mferejini. Mimina maji tena polepole.

Umeona nini? Mara ya kwanza maji yalichimba kijito chembamba juu ya tuta. Kijito kikapanuka, na tuta likabomoka. Mara ya pili maji ya ziada yalipita mferejini, na tuta likabaki. Mfereji huo huitwa utoro wa maji. Utoro usizibwe kamwe, hata kama mwenye lambo anataka kupata maji mengi zaidi.

Dalili za hatari

Tuta huweza kubomoka pia kutoka ndani. Mashimo ya panya na mizizi ya miti iliyooza huyafungulia maji njia. Maji yanayotoka chini ya tuta yakiwa na matope, fahamu kwamba yanabeba udongo wa tuta lenyewe. Nyufa na sehemu zilizodidimia ni dalili pia.

Makundi ya hatari

Katika nchi nyingi wataalamu hugawa malambo katika makundi 3. Katika kugawa huko hawaulizi kama tuta ni imara. Huuliza: likibomoka, maji yatamkuta nani?

(a) Hatari ndogo: chini ya lambo kuna pori tupu au malisho.
(b) Hatari ya kati: maji yataharibu mali, kama vile mashamba na barabara, lakini haitazamiwi kwamba watu watakufa.
(c) Hatari kubwa: huenda watu wakafa.

Kwa hiyo lambo dogo lililo juu ya shule ni la hatari kubwa kuliko lambo kubwa lililo porini. Tena, nyumba zikijengwa chini ya lambo, kundi lake hubadilika ingawa tuta ni lile lile.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, bwawa la udongo la mtu binafsi lilibomoka huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, nchini Kenya. Maji yaliteremka kwa nguvu yakazoa nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 40 walikufa.

Kumbuka: ukiona dalili yoyote ya hatari, usisimame juu ya tuta wala chini yake. Nenda mahali palipoinuka, kisha umwarifu mwalimu, mzazi au kiongozi wa kijiji mara moja.

Maswali

1. Kwa nini tuta hujengwa pana zaidi chini?
2. Utoro wa maji una kazi gani?
3. Maji yenye matope chini ya tuta yanaonyesha nini?
4. Taja lambo lililo karibu na kwenu. Chini yake kuna nini? Liweke katika kundi lake, na ueleze sababu.