Maziwa Yaliyotiwa Maji na Kipimo cha Kuganda

Katika kata ya Bukundi, wilayani Meatu mkoani Simiyu, hutokea mnunuzi akaona maziwa mepesi na kudai yametiwa maji, naye mfugaji akajibu kwamba ni kiangazi na malisho yamekauka. Laktomita haitoshi kuamua. Hupima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, na malisho hafifu huweza kuupunguza bila tone la maji kuongezwa.

Kuganda hutoa ushahidi bora. Maji safi huganda kwenye nyuzijoto 0, na kila kinachoyeyuka ndani yake hushusha kiwango hicho kwa kadiri ya wingi wa chembe zake. Kwa njia hii Mfaransa François-Marie Raoult, katika miaka ya 1880, aliwawezesha wanakemia kupata masi ya moli ya vitu. Moli 1 katika kilo 1 ya maji hushusha kuganda kwa nyuzijoto 1.86. Gramu 34.2 za sukari ya mezani hushusha kwa 0.186; basi zina moli 0.1, na masi ya moli ya sukari ni gramu 342.

Maziwa yana laktosi na chumvi, hivyo huganda takriban nyuzijoto 0.52 chini ya sifuri. Mwili wa ng'ombe huyasawazisha na damu, kwa hiyo malisho hukibadili kiwango hiki kidogo sana. Sampuli ikiganda kwenye 0.468 chini ya sifuri, imepungukiwa 0.052, yaani sehemu moja ya kumi: maji yaliyotiwa ni kama asilimia 10. Hapo mfugaji mwaminifu naye hupata utetezi.

Lakini maziwa yaliyoanza kuchacha hudanganya. Laktosi huvunjika kuwa asidi ya laktiki, chembe ndogo zilizo nyingi zaidi. Kuganda hushuka na maji hufichika. Chumvi ya kutiwa kwa hila hufanya vivyo hivyo, maana hugawanyika mara mbili inapoyeyuka. Sampuli ichukuliwe ikiwa mbichi, mbele ya pande zote mbili, ipozwe na kupelekwa maabara mapema.

Friza ya nyumbani haifai kwa kazi hii, kwani kipimajoto cha kawaida hakioni tofauti ndogo hivyo. Malalamiko yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 husimamia usalama wa chakula. Wakati wa kusubiri majibu, maziwa yachemshwe: maji yaliyoongezwa huenda yalitoka katika kisima kichafu.