MISTARI YA SUMAKU HUUNGANAJE UPYA KATIKA JUA?

Wanachama wenzangu, tulipofunzwa sumaku sote tuliandika madaftarini kwamba mistari ya sumaku haikatizani kamwe. Ati sasa wataalamu wa Jua wanasema huko mistari hiyo hukatika na kuungana upya! Nani mwongo? Mimi naona hakuna.

Hebu chukua sumaku mbili za fimbo, uzipange kwa mstari mmoja, kaskazini ya hii ielekee kusini ya ile. Funika kwa karatasi, nyunyiza vumbi la chuma (kwa wachomeleaji wa sokoni Marani ni la bure), kisha gonga karatasi polepole. Utaona mistari ikitoka sumaku hii na kuingia ile. Zitenganishe, gonga tena. Mingi sasa imerudi kwa sumaku yake. Imebadilisha wenzi bila kukatizana, kwa maana pale inapokutana ikielekea pande zinazopingana, nguvu zake hufutana zikawa sufuri. Penye sufuri hapana mstari wa kukatiza.

Sasa tupande juu. Uso wa Jua una joto la kama nyuzi 5,500 za selisiasi, lakini korona, yaani hewa yake ya nje (si ule ugonjwa wa 2020!), hupita nyuzi milioni moja. Jua lilipopatwa huko Turkana tarehe 3 Novemba 2013, nafasi ya kuiona ilikuwa ya sekunde chache tu. Gesi ya huko hupitisha umeme, na mistari ya sumaku imenasa ndani yake kama nyuzi za katani kwenye matope. Uso wa Jua ukitokota, huivuta na kuisokota mistari hiyo. Ikisukumwa mpaka inayopingana ikabanana, huungana upya. Mstari mpya huwa umepinda sana, nao hujinyoosha kama mpira wa manati na kurusha gesi. Si mchezo!

Sweet na Parker walipiga hesabu ya jambo hili miaka ya 1950, wakapata kwamba mlipuko ungechukua miezi. Milipuko yenyewe huchukua dakika! Mwaka wa 1964 Petschek alionyesha njia ya kasi zaidi, na mjadala haujaisha.

Mwangaza wa mlipuko hutufikia kwa dakika 8. Ikiwa kwetu ni mchana, redio za masafa mafupi huweza kunyamaza ghafla, na mwenye redio akadhani betri zimekwisha.