Hewa ya Mji na Hewa ya Kifuani: Namna ya Kupima Uchafuzi Unaomfikia Mtu

Kipimo cha uchafuzi wa hewa mjini huwekwa mahali pa wazi, mara nyingi juu ya paa la jengo, mbali na jiko la mtu yeyote na mbali na bomba la gari. Huwekwa hivyo kwa makusudi, ili kiwakilishe hali ya eneo zima. Hata hivyo, hakuna mtu anayeishi juu ya paa hilo. Mama anayechochea kuni, dereva wa bodaboda aliye nyuma ya lori, mchoma mahindi wa kando ya barabara na mtoto aliyebebwa mgongoni, kila mmoja huvuta hewa yake. Tofauti kati ya hewa hiyo na ile iliyosomwa juu ya paa yaweza kuwa mara kumi na zaidi.

Kinachopimwa zaidi ni chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutoka kwa kamasi na makohozi. Hizi ndogo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia katika mzunguko wa damu. Ndiyo maana orodha ya madhara yake haiishii kwenye kikohozi na pumu, bali hufika kwenye kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango elekezi cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa wastani wa saa 24, kiwango hicho ni maikrogramu 15.

Mengi yanayojulikana kuhusu vifo vinavyoambatana na hewa chafu yalitokana na vipimo vya nje. Utafiti wa miji sita ya Marekani, uliochapishwa mwaka 1993, uliwafuatilia watu wazima 8,111 kwa miaka 14 hadi 16. Baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara na mambo mengine, kiwango cha vifo katika mji wenye hewa chafu zaidi, Steubenville, kilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko katika mji wenye hewa safi zaidi, Portage. Kwa kulinganisha mji na mji, kipimo cha nje kilitosha. Lakini watafiti wa mradi huohuo walipowavalisha baadhi ya wakazi vipimo vidogo, waliona kuwa uchafuzi uliomfikia mtu mmoja mmoja ulitofautiana sana na ule wa nje, hasa pale mwenzake wa nyumbani alipokuwa mvuta sigara. Kipimo cha nje hakikusema uongo. Kilijibu swali lingine.

Swali la mtu mmoja mmoja hujibiwa kwa hesabu nyepesi: kiasi cha uchafu katika kila mahali alipokuwa, kikizidishwa kwa saa alizokaa hapo, kisha jumla igawanywe kwa 24. Ichukuliwe nyumba ya mfano ambamo hewa ya jikoni wakati wa kupika ina maikrogramu 1,000, na hewa ya mahali pengine pote ina 30. Mama akipika kwa saa 3, wastani wake wa siku hufikia takriban 151. Mumewe akiingia jikoni kwa nusu saa tu kula, wastani wake ni 50. Mtoto wa mgongoni yuko sawa na mamaye, ila yeye huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake. Kipimo cha juu ya paa kingewaandikia wote watatu 30.

Hesabu hiyo ilifanywa kwa kina huko Laikipia, nchini Kenya, na Majid Ezzati na Daniel Kammen, katika kaya 55 zilizopikia zaidi kuni na mkaa. Kwa siku zaidi ya 200, vifaa vilisoma moshi mfululizo huku waangalizi wakiandika nani yuko wapi ndani ya nyumba, na anafanya nini. Ilibainika kwamba moshi haukai kwa kiwango kimoja; hupanda ghafla moto unapowashwa, kuni zinapoongezwa au chungu kinapoepuliwa, na ni katika dakika hizo ambapo mpishi huwa ameinama karibu kabisa na jiko. Kwa walioshiriki kupika, vipindi hivyo vifupi vilichangia kati ya asilimia 31 na 61 ya uchafuzi wote uliowafikia. Kwa wasiopika, mchango huo haukuzidi asilimia 11. Wastani wa chumba, hata ukipimwa kwa uangalifu, huzificha dakika hizo.

Matokeo ya mwaka 2001 ya utafiti huohuo yalionyesha pia kwamba maambukizi ya njia ya hewa huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini ongezeko hilo hupungua kasi moshi unapovuka maikrogramu 1,000 hadi 2,000. Jambo hili ni zito kwa mipango ya majiko bora. Nyumba inayotoka kwenye moshi mwingi mno na kuingia kwenye moshi mwingi yaweza isipate nafuu ya kutosha kuonekana katika rejista ya kliniki.

Guatemala ilitoa funzo kama hilo. Kaya zipatazo 530 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu zilijengewa majiko ya kuni yenye dohani. Watoto wachanga walibandikwa nguoni mirija midogo inayopima gesi ya monoksidi ya kaboni. Jikoni moshi ulipungua sana, lakini kiasi kilichomfikia mtoto kilipungua kwa nusu tu, kwa kuwa mtoto hashindi jikoni peke yake, na moshi uliotolewa kwa dohani huzunguka uani. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kuaminika kitakwimu, ingawa nimonia kali ilipungua. Aliyepima jiko peke yake angetangaza ushindi mapema.

Hata kipimo cha mwilini hakimalizi mjadala. Katika jaribio lililofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, wajawazito wapatao 3,200 walishirikishwa, na nusu yao walipewa majiko ya gesi pamoja na gesi yenyewe. Chembechembe zilizowafikia zilikuwa takriban maikrogramu 24, dhidi ya 71 kwa wenzao waliobaki na kuni. Hata hivyo, uzito wa watoto waliozaliwa na idadi ya nimonia havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Itakuwa kosa kusoma hapo kwamba moshi hauna madhara. Maikrogramu 24 bado ni karibu mara tano ya kiwango elekezi cha mwaka, na moshi wa jirani hauulizi nani ana gesi.

Mhudumu wa afya asiye na kifaa chochote bado anaweza kupima kwa maswali. Kuuliza “Je, unatumia kuni?” hakutoshi. Swali hilo huwaweka kundi moja anayepikia uani na anayepikia ndani ya chumba kisicho na dirisha. Yafaa kuuliza moto huwashwa mara ngapi kwa siku, nani huuwasha, mtoto huwa wapi wakati huo, anayekohoa hulala chumba gani, na nani huvuta sigara nyumbani. Mama mwenye gesi aulizwe pia maharage hupikwa kwa nini. Mara nyingi jibu ni mkaa.

Kuna kipimo kimoja cha kliniki ambacho hudanganya hapa, nacho ni kile cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Monoksidi ya kaboni hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba gesi hiyo na iliyobeba oksijeni. Mgonjwa aliyelala na jiko la mkaa chumbani anaweza kufika asubuhi akiumwa kichwa, akitapika na kuchanganyikiwa, huku kifaa kikionyesha asilimia 98. Akitibiwa malaria na kurudishwa nyumbani, usiku atalala chumba kilekile. Historia ya jiko, hasa pale watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanapougua kwa pamoja, ndiyo inayopaswa kuaminiwa. Oksijeni ianzishwe mara moja kwa kiwango cha juu bila kusubiri uthibitisho, kwa sababu gesi hiyo huanza kupungua katika damu tangu mgonjwa anapotoka chumbani, na sampuli iliyochelewa kwa saa kadhaa yaweza kuonyesha kiasi kidogo kuliko alichovuta.